Mama, mliniambia nisitoke



Mwezi huu tumeona tuzungumze juu ya kazi ya kuajiriwa. Wengi wetu tumo ndani ya jambo hili, ama kwa upande wa kuajiriwa, ama kwa upande wa kuajiri. Na wapo akina mama walio pande zote mbili kwa siku moja: saa kumi na mbili asubuhi anatoa amri kwa dada wa nyumbani, saa mbili yupo kazini anapokea amri kwa mkubwa wake. Swali letu ni hili: je, mtu akishaajiriwa, akili yake na dhamiri yake ni za nani?

Tuanze na aibu yetu wenyewe. Katika miaka ya tisini tulikuwa tukikaa Bagamoyo. Simu za mkononi zilikuwa hazijatufikia, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ilikuwa na sehemu kubwa isiyo na lami. Siku moja sisi, baba na mama wa nyumba, tuliondoka alfajiri kwenda mjini kwa shughuli. Tulimwacha mtoto wetu wa miaka miwili na binti tuliyemwajiri kutusaidia. Alikuwa binti mkubwa, mwenye adabu na mwepesi wa kazi. Kabla ya kuondoka tulimpa maagizo kama ilivyokuwa desturi yetu: usimfungulie mtu mlango, usiguse kabati, usitoke nje ya ua, usifanye lolote mpaka turudi.

Wakati wa kurudi basi liliharibika njiani, na tulifika nyumbani jua limekwisha kuzama. Mtoto alikuwa amelala mkekani, mwili unachemka, macho yamelegea. Homa ilikuwa imeanza saa nne asubuhi. Binti alikuwa amemkanda kwa maji mchana kutwa, huku akilia. Zahanati ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Tulimkaripia kwa hasira: "Kwa nini hukumpeleka?" Akainama, akajibu kwa sauti ndogo: "Mama, mliniambia nisitoke."

Mtoto alilazwa siku nne kwa malaria, akapona. Tunamshukuru Mungu, na leo ni mtu mzima. Lakini jibu lile halikututoka. Usiku ule, tukiwa tumekaa kando ya kitanda cha hospitali, tulitambua kwamba binti hakuwa mjinga wala mvivu. Alifanya kile hasa tulichomfundisha. Tulikuwa tumeajiri mikono yake na kuifungia akili yake nje ya ua. Hata senti moja ya dharura hatukumwachia.

Kiswahili chetu kina hekima katika jambo hili. Kutoka katika neno moja, kutuma, tumepata mtumwa, tumepata mtumishi, tumepata mtume, na tumepata kujituma. Mtumwa hutumwa bila hiari. Mtumishi hutumika kwa mapatano. Mtume hutumwa na kuaminiwa, huenda mbali na macho ya aliyemtuma, na huko aendako huamua mengi mwenyewe. Naye anayejituma ni yule ambaye mtumaji yumo ndani yake. Basi tujiulize, wale tuliowaajiri tumewaweka katika neno lipi? Na sisi tulioajiriwa, tumejiweka wapi?

Bagamoyo ni mahali pazuri pa kujiuliza hivyo. Mji huu ulijua utumwa. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu walipofungua misheni yao hapa mwaka 1868, walianzisha kijiji cha watu waliokombolewa kutoka utumwani. Lakini mji huu ulijua pia kazi ya hiari. Katika karne ya kumi na tisa maelfu ya wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walishuka kutoka bara na pembe za ndovu, na kupanda tena wakiwa na vitambaa, shanga na nyaya. Mtu mmoja alibeba kilo 30 hivi. Wengi wa wapagazi hao walikuwa watu huru waliopatana ujira wao na posho yao kabla ya kunyanyua mzigo. Mbele yao alitembea kirangozi, mwenzao wanayemheshimu. Wakipunjwa posho au wakilazimishwa mwendo usiowezekana, waliweka mizigo chini, na msafara wote ukasimama mpaka mambo yazungumzwe. Wasafiri wengi wa Kizungu waliandika kwa hasira juu ya jambo hilo, na kuwaita wapagazi wakaidi. Sisi tunaona walikuwa wafanyakazi waliojua kwamba kuuza nguvu si sawa na kuuza utu.

Na ni hapa hapa Bagamoyo lilipokomea tendo moja ambalo kila mwajiriwa angepaswa kulijua. Wengi wetu tumeuona mnara wa kanisa la zamani pale misheni, unaoitwa mnara wa Livingstone. Tunapowapeleka watoto kuutazama tunawaambia: mwili wa Daktari Livingstone ulilazwa hapa mwaka 1874. Mara chache tunawaambia watoto nani aliuleta, na kwa amri ya nani.

David Livingstone alifariki tarehe 1 Mei 1873 katika nchi ya Chitambo, ambayo leo ipo Zambia. Alikuwa na watu wapatao 60, mbali sana na pwani. Katikati ya hao walikuwamo Abdullah Susi, mzaliwa wa Shupanga kando ya mto Zambezi. James Chuma, Myao aliyeokolewa mikononi mwa wafanyabiashara wa watumwa mwaka 1861 akiwa mtoto. Na Jacob Wainwright, kijana aliyewahi kuwa mtumwa, akasomeshwa katika shule ya misheni huko Nasik, Bara Hindi. Walikuwapo pia wanawake, kama Halima aliyekuwa mpishi.

Hebu tufikiri hali yao asubuhi ile. Mwajiri amekufa. Hakuna aliyewapa agizo la kufanya nini. Mshahara wao upo mbali, Unguja. Mizigo yenye thamani ipo mikononi mwao. Waswahili tunasema paka akiondoka, panya hutawala. Wangeweza kugawana mali, kumfukia mzee wao chini ya mti na kutawanyika. Hakuna ambaye angewafuata.

Wao waliitana wakakaa barazani. Masanduku ya marehemu yalifunguliwa mbele ya wote, na Jacob, aliyejua kuandika, akaorodhesha vitu vyote ili pasiwe na mtu wa kushukiwa baadaye. Kisha wakawachagua Susi na Chuma wawe viongozi, kwa sababu walikuwa wazoefu wa safari kuliko wengine, nao wengine wakaahidi kuwatii. Hapo ndipo wakaamua kuupeleka mwili pwani ili ndugu zake waupate. Waliuzika moyo wake pale pale chini ya mti mkubwa, Jacob akisoma ibada ya maziko na kuchonga maneno katika gome. Mwili waliutia chumvi, wakaukausha kwa jua kwa muda wa wiki mbili, wakaufunga kwa kitambaa, gome la mti na turubai.

Ndipo wakaanza kutembea, zaidi ya kilomita 1,500. Ugonjwa uliwaangusha, na baadhi yao hawakuiona pwani. Walipokaribia Tabora walikutana na Luteni Cameron, ofisa wa Kiingereza aliyetumwa kumtafuta Livingstone. Cameron aliwashauri wamzike huko huko, kwa kuwa njia ya mbele ilikuwa ya hatari. Hapa pana jambo la kuzingatia sana. Yule alikuwa mkubwa, Mzungu, na ushauri wake ulikuwa mwepesi kwao. Kama wangeukubali, wangekuwa wametua mzigo na hakuna wa kuwalaumu. Walimsikiliza kwa heshima, wakakataa.

Mbele kidogo, karibu na Kasekera, wenyeji hawakutaka maiti ipite katika nchi yao. Wasafiri wakafunga mzigo wa uongo mfano wa maiti, wakawatuma wenzao wachache waondoke nao kama wanaorudi Tabora kuzika. Usiku wale wachache waliutupa mzigo ule porini, wakarejea. Mwili wenyewe ulikuwa umekwisha kufungwa upya kama robota la nguo, nao ukapita salama. Mwezi wa Februari 1874 waliingia Bagamoyo, baada ya miezi tisa hivi. Tarehe 18 Aprili mwaka huo Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey, London, na Jacob Wainwright akiwa miongoni mwa waliolishika jeneza.

Na waliobaki? Walilipwa mishahara yao, wakaachishwa. Susi na Chuma walipelekwa Uingereza baada ya maziko kwisha. Huko walimsaidia Horace Waller kutengeneza kitabu cha shajara za mwisho za bwana wao. Chuma aliporudi aliongoza misafara mingine, na mwaka 1879 alikuwa kiongozi wa wapagazi katika msafara wa Keith Johnston na Joseph Thomson kwenda kwenye maziwa. Johnston alipofia njiani, kijana Thomson aliendelea akitegemea sana uzoefu wa Chuma.

Kwa miaka mingi watu hawa wamesifiwa kwa neno moja: watumishi waaminifu. Neno ni zuri, lakini halitoshi. Linatufanya tudhani kwamba walitii tu. Walimtii nani? Aliyekuwa akiwaamuru alikuwa amekufa, na aliyekuja badala yake aliwaambia kinyume. Uaminifu wao ulikuwa uamuzi, uliofanywa katika kikao, ukaandikwa orodha, ukachaguliwa viongozi, ukatetewa mbele ya mkubwa. Mtu asiyeruhusiwa kuamua hawezi kuwa mwaminifu kwa maana hiyo. Anaweza tu kuwa mtiifu, kama binti yetu siku ile.

Wapenzi wasomaji, msidhani kwamba mambo haya ni ya zamani za misafara. Wale wenye umri wetu wanakumbuka Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliowakataza viongozi kuwa na makuu na kuwadharau walio chini yao. Wafanyakazi waliusoma kwa makini kuliko ilivyotarajiwa. Katika miaka iliyofuata, hadi 1973, pakatokea migomo mingi viwandani, hasa Dar es Salaam. Mara nyingi mgomo haukuanza kwa ajili ya mshahara. Ulianza kwa sababu meneja alitukana, alidharau, aliwaona watu wazima kama watoto. Watu walitaka kuheshimiwa na kusikilizwa katika kazi waliyoijua kwa mikono yao.

Leo tukipita pwani yetu kuanzia Bunju, Mapinga na Zinga mpaka Bagamoyo mjini, tunakuta hoteli, nyumba za wageni, shule na maduka, na ndani yake mabinti na akina mama wengi walioajiriwa. Malalamiko tunayoyasikia ni ya namna mbili. Waajiri husema, "Wafanyakazi wa siku hizi hawajitumi." Wafanyakazi husema, "Ukijituma unagombezwa, usipojituma unagombezwa." Wote wana sehemu ya ukweli. Huwezi kumkaripia mtu kila anapotumia akili, kisha ukashangaa siku akiiacha nyumbani.

Tena tuwe waangalifu na neno hili kujituma. Wapo waajiri wanaolitumia kama fimbo. Kwao anayejituma ni yule anayebaki kazini hadi usiku bila malipo na asiyeuliza juu ya mkataba. Huko siko kujituma, ni kutumwa kwa jina jingine. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida kuwa 45 kwa wiki. Inamtaka mwajiri atoe maelezo ya kazi kwa maandishi. Inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na muda wa saa mbili kwa siku wa kunyonyesha arudipo kazini. Sheria hiyo haikumwacha nje mfanyakazi wa nyumbani. Anayeona ameachishwa kazi isivyo haki anaweza kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, lakini asikawie, maana muda wa kupeleka shauri hilo ni siku 30. Kujua haki yako si ukaidi. Wapagazi walipatana posho kwanza, ndipo wakanyanyua mzigo.

Maandiko nayo yanasemaje? Wapo wanaoikimbilia barua kwa Wakolosai, sura ya 3, inayowataka watumwa watii. Wasome mpaka mwisho. Mtume anasema kazi ifanywe kwa moyo kama kwa Bwana, si kwa ajili ya macho ya watu; na sura ya 4 inaanza kwa kuwaagiza mabwana watende haki, kwa kuwa nao wana Bwana mbinguni. Basi mfanyakazi Mkristo ana mkubwa aliye juu ya mkubwa wake. Shifra na Pua, wale wakunga katika sura ya kwanza ya Kutoka, walipewa amri na mfalme wa Misri wawaue watoto wa kiume wa Waebrania. Walimwogopa Mungu, wakawaacha watoto hai, na Mungu akawatendea mema. Na katika sura ya 5 ya Wafalme wa Pili yumo msichana mdogo, mateka, mtumishi wa mke wa Naamani. Hakuna aliyemwuliza neno. Alisema mwenyewe kwamba yupo nabii Samaria awezaye kumponya bwana wake. Bibi yake angekuwa kama tulivyokuwa sisi, angemwambia, "Nyamaza, endelea na kazi yako," na Naamani angebaki na ukoma wake. Wema wa nyumba ile ulikuwa kwamba neno la msichana lilisikilizwa.

Baada ya siku zile za hospitali, tulikaa na binti yetu mezani. Tulimwomba radhi. Haikuwa rahisi, maana tumelelewa kudhani kwamba mkubwa haombi radhi kwa mdogo. Kisha tulipanga upya, na hayo tuliyopanga ndiyo tunayowashauri wenzetu.

Kwanza, unapotoa agizo toa na sababu yake. Tungesema, "Usitoke ovyo kwa sababu ya usalama wa mtoto," binti angejua kwamba usalama wa mtoto ndio ulio mkubwa kuliko agizo.

Pili, taja wazi yale ambayo mfanyakazi anaweza kuamua bila kukuuliza. Sisi tulimwambia: mtoto akiugua, nenda zahanati, moto ukitokea, toka, vitu viache.

Tatu, mpe na uwezo wa kutenda. Tuliweka fedha kidogo katika kopo la kahawa juu ya rafu, na kadi ya kliniki ya mtoto pamoja nayo. Kumwambia mtu aamue bila kumwachia hata nauli ni kumdhihaki.

Nne, akikosea kwa nia njema, mwulize alifikirije kabla ya kumkaripia.

Na kwenu mlioajiriwa: semeni. Semeni kwa heshima, kwa wakati wake, na ikiwezekana pamoja na wenzenu. Susi na Chuma hawakuamua peke yao. Andikeni kinachostahili kuandikwa, kama Jacob. Na siku ambayo agizo linapingana na uhai wa mtu au na dhamiri yako, kumbuka kwamba uliuza saa zako tu.

Binti yule alikaa nasi miaka mingine mitatu. Mara mbili alichukua fedha katika kopo. Mara ya kwanza mtoto alikuwa na homa kweli. Mara ya pili hakuwa na ugonjwa wowote. Waliambiwa zahanati kwamba ni meno tu, wakarudi nyumbani. Alitueleza jioni kwa hofu, akidhani tutakasirika kwa fedha iliyopotea. Tulimwambia haikupotea.

Kwa majadiliano katika jumuiya ndogo ndogo au vikundi vya akina mama:

1. Ni agizo gani nyumbani kwetu ambalo lingeweza kuleta madhara likifuatwa bila kufikiri?

2. Je, yupo mtu anayefanya kazi kwetu ambaye hatujawahi kumwuliza anaonaje?

3. Kazini kwetu, tunanyamaza kwa sababu ya adabu au kwa sababu ya woga?

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.